Mfuko wa Mgongoni

Tulimwacha amesimama. Simsemi mwendesha mashtaka, ambaye ndiye aliyeulizwa. Namsema binti wa mwaka wa tatu wa sheria, msaidizi wa upande wa utetezi, yule ambaye wenzake wanamwita Serikali.

Hakimu alikuwa ameuliza swali la kila siku: nani yupo kwa upande wa mashtaka? Na kabla mwenye kazi yake hajatoa kichwa chini ya meza, alikokuwa akitafuta kalamu iliyomdondoka, Serikali akasimama wima, akainamisha kichwa kwa heshima, akajibu kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho.

"Mimi, mheshimiwa."

 Mtu mmoja akacheka puani, na baada yake wakacheka wote, hadi karani.

Uliyekosa gazeti la wiki jana, shika haya machache utembee nayo. Mshtakiwa ni fundi cherehani. Mteja asiyemfahamu alimtumia kitambaa na vipimo, akataka ashonewe dazeni ya vizibao vyenye mifuko mingi, kisha hakuonekana tena. Polisi walipoviona vizibao wakasema mifuko ile ni ya kubebea mabomu, wakamshtaki Fundi kwa kuwasaidia magaidi. Tangu hapo yumo mahabusu. Binti yake alizaliwa yeye akiwa ndani, na sasa mtoto ana meno mawili ambayo baba hajayaona. Leo linasikilizwa ombi la dhamana. Likikataliwa, Fundi atasubiri kesi humo humo ndani, na hakuna ajuaye kesi itaanza lini.

Anayemtetea ni Mama Wakili, mwanamke mnene wa maneno machache, akisaidiwa na wanafunzi wake wa chuo. Kila Ijumaa wanafunzi hao hugeuza darasa likawa mahakama. Nafasi hupigiwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia, na atakayeangukiwa na upande wa mashtaka ana amri moja: ampige Fundi bila huruma, ili utetezi ujue wapi pa kuziba. Binti huyu aliangukiwa kila Ijumaa. Wenzake walisema ni mkosi, wakambandika jina la Serikali. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akikunja vikaratasi ni Kamusi, kijana anayejua vifungu vya sheria kwa nambari kama wengine wanavyojua majina ya shangazi zao, na Kamusi alikwishaona kwamba hakuna mkali kama binti huyu.

Basi swali lile likiulizwa, miguu ya Serikali husimama yenyewe. Leo ilisimama mbele ya hakimu wa kweli.

Mwendesha mashtaka akajiinua, kalamu mkononi. Alisema anaishukuru sana ofisi yake kwa kumwongezea msaidizi, ila angependa siku nyingine ataarifiwe mapema. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamuuliza binti yuko upande gani hasa.

"Utetezi, mheshimiwa."

"Basi keti, kabla hujamfunga mteja wako."

Vielelezo vilikuwa bado havijapandishwa kutoka stoo, kwa hiyo hakimu akatoa mapumziko mafupi.  Mama Wakili alimkanyaga Serikali mguu chini ya meza, na karipio likaishia hapo.

Jambo lingeishia hapo pia, tukacheka tukaendelea. Lakini kwenye benchi la tatu alikaa mwanamke mmoja ambaye hakucheka. Ni mama yake Fundi. Alimpandisha mjukuu begani, akabana mkoba kwapani, akatoka nje bila kugeuka nyuma.

Yeye ndiye mdhamini. Nyumba ni yake, anwani ni yake, na sahihi inayongojewa ni yake. Asiporudi, hakuna dhamana.

Serikali na Kamusi walimfikia kwenye korido, karibu na ngazi.

"Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini, nisubiri unimalizie? Nimesikia kwa masikio yangu. Umesema wewe ni wa mashtaka."

Kamusi, ambaye huamini kila shida duniani ina kifungu chake, akaanza kueleza kwamba kwa mujibu wa kanuni mwanafunzi hawezi kumwakilisha mtu yeyote mahakamani, hivyo kauli ile kisheria ni batili tangu mwanzo. Mama Fundi akampima kwa macho kutoka viatu hadi nywele.

"Huyu naye anasema nini?"

"Anaomba radhi, mama," Serikali akajibu.

Kisha akamweleza yote: darasa, kofia, vikaratasi, Ijumaa. Alieleza haraka kama mtu anayezima moto kwa kikombe. Mama Fundi alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni, na kila sentensi iliyoisha ilimkunja uso zaidi.

"Kwa hiyo mnamwigiza mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Mnamshtaki kabisa, mnampeleka kwa hakimu wenu."

"Ndiyo."

"Na ameshinda mara ngapi?"

Kamusi akashikwa na kikohozi. Serikali alijua uongo mmoja mtamu ungemrudisha mama yule ukumbini. Alijua pia kwamba ukigunduliwa, asingemrudisha tena hata kwa kamba.

"Hajashinda hata mara moja," alisema. "Namfunga kila Ijumaa."

Mtoto akasema *ba*.

"Unamfunga kwa kosa gani?" Mama Fundi akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeletewa nguo iliyochanika, anataka kuonyeshwa palipochanika.

"Kwa mfuko wa mgongoni. Ile ya mbele tunaijibu yote. Huo wa mgongoni, hakuna aliyewahi kuujibu. Na yule bwana mle ndani si mjinga. Akiufikiria leo, tumekwisha."

Mama Fundi alikaa kwenye benchi la korido. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika sindano. Nusu ya vizibao vile alivishona yeye kwa mkono wake.

"Niulize mimi," akasema. "Niulize kama unavyowauliza hao wenzako. Usinionee haya."

Kamusi akatoa begini kizibao cha kumi na tatu, cha majaribio, ambacho hakikumalizwa, kile ambacho polisi walikisahau chini ya cherehani na ambacho darasa lilikuwa likikifanyia mazoezi. Hakikuwa na hata vifungo. Akakivaa, kama alivyokivaa kila Ijumaa. Serikali akapandisha mabega, na mbele ya macho ya Mama Fundi yule binti mwenye haya akatoweka, pakasimama mtu mwingine kabisa.

"Shahidi, wewe ni fundi?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Mfuko ni wa kazi gani?"

"Wa kutilia na kutolea."

"Huu wa mgongoni, mvaaji anatiaje na kutoaje?"

Kamusi, kwa bidii ya kazi, akapeleka mkono nyuma kwa juu, akaupeleka kwa chini, akajizungusha kama mtu anayewashwa mahali asipopafikia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akamwonea huruma, akataka kumkuna.

"Hatii yeye," Mama Fundi akasema.

"Anatia nani?"

"Aliye nyuma yake."

Serikali, badala ya kumrukia kwa swali lingine kama desturi yake, akazunguka nyuma ya Kamusi. Ijumaa zote zile hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Na dirisha hili la plastiki juu ya mfuko?"

"Ili aliye nyuma aone kilichomo."

"Akishaona?"

"Hapo sijui. Mimi ni fundi, binti, si mpiga ramli."

Serikali akampokonya Kamusi karatasi aliyokuwa nayo mkononi, akaichomeka nyuma ya plastiki, akamwamuru atembee. Kamusi akatembea. Serikali akamfuata, na wakiwa katikati ya korido akaanza kusoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa mbaya lakini ulisomeka.

Mama Fundi aliinuka, akawafuata. Aliwaza kwa sauti kwamba anayesoma anaweza kushika karatasi yake mwenyewe, isipokuwa kama mikono yake ina kazi nyingine. Kisha akakumbuka maagizo ya yule mteja. Kwenye kimoja, kile kikubwa kuliko vyote, alitaka bega la kushoto liwekwe kitambaa mara mbili, kwa kuwa litasuguliwa na mkanda. Alitaka pia, mbele upande wa kulia, mfuko mwembamba mrefu wa kuingia vijiti viwili.

"Ngoma," Kamusi akasema, mgongo bado umewaelekea.

Akageuka polepole. Shuleni aliwahi kubebeshwa ngoma kubwa ya bendi kwa sababu ya upana wake, wala si kwa kipaji. Wakati wa gwaride kila mmoja alisoma muziki wake kwenye karatasi iliyobandikwa kwa pini mgongoni mwa aliye mbele, na upepo ukivuma wimbo mzima uliruka ukuta.

"Ni vizibao vya bendi ya matarumbeta," alisema. "Mama, mwanao alishona vizibao vya bendi."

Serikali akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, na aliuliza akiwa na nia ya kumnyonga.

"Nilikuwa nakivaa mimi. Mtu haoni mgongo wake. Na wewe muda wote ulikuwa umesimama mbele yangu, unaninyooshea kidole."

Karani akachungulia mlangoni, akawaita warudi. Mama Fundi aliwatazama hawa watoto wawili wa watu, mmoja amevaa kizibao kisicho na vifungo, mwingine jasho likimtiririka.  Alimnyanyua mjukuu begani akamtia mikononi mwa Serikali.

"Mshike. Na nikikuona umesimama tena mahali pasipo pako, nitakushona huo mdomo."

Ndani, mwendesha mashtaka alimpokea mdhamini kwa upole wa paka. Alimuuliza habari za nyumba yake, akamuuliza habari za kazi yake. Akataka kujua kama kweli yuko tayari kumdhamini mtu anayeshona nguo bila kujua ni za nini. Mama Fundi akajibu kwamba akishona suruali huwa haulizi itaenda wapi.

Kisha mwendesha mashtaka akainua kizibao kimoja, kile kikubwa, kutoka mezani, akakigeuza nyuma, akatabasamu.

"Hebu iambie mahakama, mama. Mfuko huu wa mgongoni, mvaaji anautumiaje?"

Mama Wakili akafumba macho. Kamusi akashika meza. Serikali akamkumbatia mtoto hadi mtoto akalalamika.

Mama Fundi alimtazama mwendesha mashtaka kama anayemtazama mteja aliyekuja na kitambaa kifupi.

"Umeuliza vizuri, baba," akasema. "Ila nimeshaulizwa na mkali kuliko wewe."

Akaeleza. Hakimu akasogea mbele kitini. Alipomaliza, hakimu akasema angependa kuona kwa macho, akamwagiza askari wa mahakama, bonge la mtu mwenye funguo za kizimba kiunoni, akivae kile kielelezo. Askari akasita. Alisema anaogopa hakitamtosha. Hakimu akamwambia ajaribu. Akajaribu, kikamtosha.

Hati ya mashtaka ikachomekwa kwenye dirisha la plastiki. Mwendesha mashtaka, kwa amri ya mahakama, akasimama nyuma ya askari, akainua mikono miwili kama aliyeshika tarumbeta, na safari ikaanza kuuzunguka ukumbi. Alisoma akitembea, mikono juu, kwamba mshtakiwa kwa makusudi na kwa nia mbaya alishona vizibao. Alisoma bila kukosa neno. Walipopita mara ya pili mbele ya benchi la tatu, watu walikuwa wakipiga makofi kwa kufuata hatua, na hakimu alikuwa amejificha uso nyuma ya jalada, mabega yanamcheza.

Mwendesha mashtaka hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akauliza, na kwa haki yake, bendi yenyewe iko wapi. Kama ni watu wema, kwa nini hawakuja kuchukua nguo zao?

Hakimu akarudisha jalada chini, na uso wake ukawa wa kazi tena. Alisema hilo ni swali zuri na litajibiwa kesi ikianza. Leo aliulizwa jambo moja tu, kama kuna sababu ya kumweka mtu huyu ndani. Upande wa mashtaka umemletea mifuko, na mifuko hiyo sasa ina maelezo mengine ambayo yeye mwenyewe ameyaona yakitembea. Dhamana imekubaliwa. Mdhamini atie sahihi.

"Askari, fungua kizimba."

Mama Fundi akatia sahihi, herufi zikacheza kwa furaha. Mle kizimbani Fundi alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili, anamtazama mtoto, na mtoto anamtazama yeye kwa mashaka, kama anayekadiria bei. Akacheka mtoto. Meno mawili.

Lakini askari hakufungua.

Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mgongo amewapa. Na mafundi wawili, mama na mwana, wakatazama mgongo ule kwa wakati mmoja. Haukuwa na mkunjo hata mmoja. Bega la kushoto, lililo chini kidogo kuliko la kulia, lilikaa kwenye kitambaa kama yai kwenye kiota. Mkono wa kulia wa askari, bila mwenyewe kuutazama, ulikuwa umeteremka mbele, na vidole viwili vimezama kwenye ule mfuko mwembamba wa vijiti.

Mama Fundi akamwinamia Serikali sikioni.

"Binti. Nguo ile haikubahatisha mwili. Ile ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyo."

Askari akageuka, akakutana na macho yao. Akaona kwamba wameona.

Msomaji, nimeandika habari za mahakama nyingi, lakini sijapata kuona kielelezo kikikimbia. Kielelezo namba moja kilitoka mlangoni mbio, na funguo za kizimba zikilia kiunoni. Fundi alikuwa amepewa dhamana, mama ametia sahihi, hakimu ametamka, na mlango wa kizimba ulikuwa umefungwa kama jana.

Kamusi alianza kutafuta kifungu. Mama Fundi hakungoja kifungu.

"Serikali," akasema, kwa mara ya kwanza akimwita hivyo, "mfuate, mwanangu."

Serikali akamkabidhi mtoto kwa mtu wa karibu, ambaye bahati mbaya alikuwa mwendesha mashtaka, akavua viatu, akatoka.

Alimkuta chini ya ngazi, kwenye maegesho ya baiskeli. Askari alikuwa ameishiwa pumzi, ameegemea ukuta. Hakujaribu kukimbia tena. Alifungua funguo kiunoni, akamwekea kiganjani kabla hajaulizwa.

"Mwachie fundi wa watu," alisema. "Sisi si wabaya. Ni waoga."

Akamweleza kwa ufupi. Bendi ni ya watu kumi na wawili, wote watumishi wa umma, wote wakipiga kwenye sherehe za watu mwisho wa wiki bila kibali cha wakubwa wao. Fundi alipokamatwa, kila mmoja alihofia kazi yake, wakaapa kunyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungia Fundi mlango, akimletea maji, na kila siku neno lilimfika kooni akalimeza.

Serikali hakupandisha mabega safari hii. Alimwambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba ndani kuna mtoto mwenye meno mawili, na kwamba atapanda ngazi hizi sasa hivi, na atamweleza hakimu kila neno.

"Nitapanda," askari akasema. "Lakini kuna jambo ujue kwanza. Tarumbeta la kwanza, kiongozi wetu, ndiye aliyetuma vile vipimo kwa Fundi. Ndiye aliyetuapisha. Na yumo mle ukumbini tangu asubuhi. Amevaa joho."

Serikali akazibana funguo. Waliovaa joho mle ndani walikuwa watatu tu. Hakimu. Mwendesha mashtaka. Na Mama Wakili.

Juu dirishani mtoto akaanza kulia. Alilia kidogo, kisha aliyemshika akaanza kumbembeleza kwa mluzi, wimbo mchangamfu wa sherehe, kila noti mahali pake. Mtoto akanyamaza.

Na mguu wa askari, bila kuombwa, ukaanza kupiga mapigo ya ngoma yake.